Tivii ya Mwenye Eda

Kioo cha kompyuta cha marehemu Zayed kilifuatana na mwenyewe. Siku ya maziko wanaume walitoa vitu vyote sebuleni ili mikeka itandikwe, wakakilaza kile kioo juu ya kiti kwenye korido, na mtu ambaye mpaka leo hajajitaja akatua juu yake sufuria la pilau ya watu themanini. Kilipasuka kwa sauti ndogo, ya adabu. Pilau ililiwa, ikasifiwa.

Mjane, Fakhriya, alipewa habari hiyo siku ya tatu, kwa upole mkubwa, kama msiba wa pili.

"Haya," alisema.

Alikuwa amesema "haya" kwa kila kitu. Haya kwa sanda, haya kwa kaburi la Kisutu, haya kwa chai iliyosahauliwa sukari. Wageni walitoka wakisifu subira yake. Haikuwa subira. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausikii kitu.

Siku ya arobaini na moja, hitima imeshasomwa na masufuria yamesharudi kwa wenyewe, Humoud alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, muuza vipuri vya magari Gerezani, na ana desturi ya kuvua viatu mlangoni huku ameshaanza kuhutubia. Mwenye eda hakai uso kwa uso na shemeji yake, kwa hiyo Fakhriya alikuwa upande wa ndani wa pazia, na Humoud alilihutubia pazia.

"...kwa hiyo eda ikiisha unahamia kwangu, shemeji. Pango la hapa nani atalipa? Chumba cha nyuma nimeshakisafisha. Nimetoa matairi yote."

"Harufu je?"

Aliyeuliza hakuwa Fakhriya. Alikuwa Mboni, muuza mitandio wa Mtaa wa Kongo, rafiki wa mjane tangu wasichana, ambaye kila mchana hupanda kumtazama na kujibu maswali asiyoulizwa.

"Harufu ya mpira haijawahi kuua mtu," alisema Humoud.

"Nina kazi, shemeji," Fakhriya alisema.

"Kazi ya marehemu hiyo."

Hapo palikuwa na siri. Kwa miaka kumi na tisa Zayed alichora kanga kwa ajili ya Mzee Tulsidas, mfanyabiashara wa kanga wa mtaa wa pili: mji wa katikati, pindo za pembeni, jina chini. Alichora mistari kama malaika. Ila Mungu hakumjalia kutofautisha nyekundu na kijani. Rangi zote, tangu kanga ya kwanza, zilipakwa na Fakhriya usiku na mchana akiwa kwenye kiti cha pembeni, na jina lililotoka likawa la Zayed. Kanga yake ya mwisho ilikuwa bado ndani ya kompyuta, mistari imekamilika, haina rangi hata moja. Jina lake lilikuwa limeshachaguliwa: *Furaha ya jirani nami imenifika*.

"Tulsidas anaisubiri Ijumaa, msimu wa harusi," alisema Fakhriya. "Nitaimaliza mimi."

Humoud alilitazama pazia akiwaza namna ya kuwa mwema kwa gharama ndogo.

"Sawa. Ijumaa Tulsidas akiichukua, baki hapa na kazi yako. Asipoichukua, sitaki mjadala. Eda ikiisha naleta kirikuu tuhamishe vitu."

"Haya."

Ilikuwa Jumatatu. Kompyuta ilikuwepo, kioo hakikuwepo.

*

Vitabu vinamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa shida ya lazima. Ngazi za jengo lile hazijasoma vitabu. Kwa hiyo Fakhriya alifungua bahasha ya rambirambi, akatoa laki tatu na nusu, akampa Mboni, na akaenda Kariakoo kununua kioo akiwa amekaa kitandani, kwa simu ya picha. Kamera ya upande wake aliiziba kwa kidole gumba. Yeye alione duka. Duka lisimwone yeye.

Duka lilikuwa la Kitwana. Ukutani kulikuwa na televisheni thelathini, na katika zote thelathini alikuwemo kasuku mmoja yuleyule, mwekundu, akipasua embe kwa furaha.

"Unamwona kasuku?" aliuliza Mboni.

"Namwona. Mwambie amtoe."

"Anasema umtoe kasuku."

"Dada, kasuku ndiye anayeuza hapa," alisema Kitwana. "Mimi nasindikiza tu."

"Mwambie mimi sinunui kasuku. Nataka kioo cha kompyuta."

Kitwana alifurahi, akaingia stoo, akatoka na kioo cha mtumba cha inchi kumi na tisa kilichostaafu katika ofisi fulani ya Ulaya. Alikiwasha. Fakhriya alisogeza simu karibu na macho.

"Mboni, weka risiti yako pembeni yake. Nyeupe kwa nyeupe."

Mboni aliweka. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kioo kilikuwa na rangi ya jino la mvuta sigara.

"Hapana. Kazi yangu ni rangi. Mwambie anioneshe tivii, zile za inchi thelathini na mbili, zenye tundu la HDMI. Lakini si kasuku. Aunganishe kompyuta yake, aweke ukurasa mweupe wenye maandishi madogo."

"Mama, tivii haijaribiwi kwa barua!" Kitwana aliliambia giza la kidole gumba. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na saa nane mchana hapakuwa na mteja mwingine. Alichomeka waya kwenye tivii ya kwanza, akafungua ukurasa wa kwanza uliokuwa karibu.

"Herufi zina vivuli," alisema Fakhriya. "Kila moja imesimama na mdogo wake. Hiyo hapana. Ya pili?"

"Ya pili nakushauri usichukue. Haina intaneti ndani, haina YouTube, haina chochote. Iko hapa tangu mwaka juzi. Watu wakisikia si smart, wanaikimbia."

"Achomeke."

Akachomeka. Herufi zilisimama wima, moja moja, kama wanafunzi kwenye paredi.

"Hiyo isiyo na akili ndiyo ninayoitaka. Bei gani?"

"Laki tatu na sitini, kwa sababu ni wewe."

Fakhriya alikuwa akisoma.

"Mboni, mwambie maandishi yanasomeka vizuri sana. Mstari wa saba, inchi thelathini na mbili, isiyo smart. Imeandikwa hapo laki tatu na kumi."

Kitwana aligeuka, akaona kwamba ukurasa aliouweka mbele ya dunia ulikuwa orodha yake mwenyewe ya bei. Aliufunika kwa mikono miwili, lakini mtu ana mikono miwili tu na ukurasa ulikuwa na inchi thelathini na mbili.

"Huyu mama angekuwa mke wangu," alisema, "ningekuwa na ghorofa."

"Yuko eda, wewe mshenzi!" Mboni alifoka.

"Astaghfirullah." Kitwana alivua kofia mbele ya simu. "Pole sana mama. Basi nakupunguzia elfu kumi."

Pole nyingi alizopewa Fakhriya hazikuwa na bei. Hii ilikuwa na bei. Alijaribu kuona kama imemuuma, akakuta haijamuuma.

"Haya," alisema.

*

Tivii ilipanda ngazi juu ya kichwa cha mpagazi, ndani ya boksi lenye picha ya familia ya watu wanne wakicheka kwenye kochi. Ingekuwa usiku, au ingekuwa imefunikwa shuka, historia ya jengo ingekwenda vingine. Ilipanda saa kumi jioni, milango yote ikiwa wazi, na kikao cha ngazi kikaketi papo hapo bila kuitishwa.

"Arobaini imeisha jana, leo tivii."

"Inchi thelathini na mbili! Angechukua hata ndogo."

"Labda ya kusikilizia mawaidha."

"Kwa rambirambi zetu, lakini," alisema Mama Severa wa ghorofa ya kwanza, mwanamke wa haki. "Mimi nilitoa elfu kumi. Sisemi kitu. Ningependa tu nioneshwe elfu kumi yangu iko pembe gani, siku moja moja niende nikaitazame."

Habari ilifika Gerezani kabla mpagazi hajamaliza kunywa maji. Humoud alivua viatu mlangoni akiwa katikati ya sentensi.

"...na mimi nasimama dukani kwangu naulizwa na fundi bodi, fundi bodi, kama mke wa marehemu ndugu yangu ameanza kuangalia tamthilia!"

Fakhriya alikuwa amejitenga chumbani, nyuma ya pazia la huko. Tivii ilikuwa peke yake mezani, imewashwa, ina mistari ya kanga isiyo na rangi.

"Ni kioo, shemeji," pazia lilisema.

"Boksi limeandikwa tivii."

"Boksi ndilo lililoandikwa."

"Haina hata YouTube, Humoud," Mboni aliingilia. "Ni mjinga kabisa. Mwulize swali uone."

Humoud hakucheka. Alizunguka meza kama mkaguzi, akainama, akaona rimoti mpya kwenye nailoni yake. Akaiokota, akaitia mfuko wa kanzu.

"Kama ni kioo, kioo hakina haja ya rimoti. Nitakaa nayo mimi. Watu wakiniuliza, nitawaonesha. Nitasema tivii hiyo haiwezi kubadilishwa hata stesheni, rimoti hii hapa."

Aliliona wazo hilo kuwa la hekima, na kusema kweli, kwa upande wa fundi bodi, lilikuwa la hekima.

"Haya," alisema Fakhriya.

*

Alipaka rangi Jumanne nzima na Jumatano hadi adhuhuri.

Alianza na nyekundu ya pindo, ileile aliyoipaka miaka yote, ambayo namba zake alizijua kama namba ya simu ya mama yake. Ilimrukia usoni. Ilipiga kelele. Fakhriya aliinamisha kichwa, kwa kuwa kwa siku arobaini na mbili macho yake yalikuwa yameona shuka nyeupe, nguo nyeupe za eda na ukuta wa chokaa. Nguo zote za rangi zilikuwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku chini ya godoro. Alidhani ni macho yake. Alidhani hivi ndivyo dunia inavyomwonekania mjane: kali mno.

Akaishusha nyekundu kidogo. Bado. Akaishusha tena. Akaishusha manjano ya maua ya katikati, akaishusha kijani, akakaa nyuma. Sasa kanga ilikuwa imetulia. Ilikuwa kanga ambayo mtu angeweza kuitazama bila kusikia kitu, na kwa hali aliyokuwa nayo hiyo ilionekana kuwa ndiyo maana ya vizuri.

"Mbona umeizima zima?" aliuliza Mboni.

"Wapi? Mbona inawaka hii."

Mboni aliitazama tena. Kwenye kile kioo, kweli, ilikuwa inawaka. Akachukua flashi, akaipeleka kwa Tulsidas.

*

Alhamisi saa saba mchana zilisikika hatua za ngazi zenye mapumziko mengi. Mzee Tulsidas ana miaka sabini na moja na magoti yake yana zaidi. Alikaa kwenye kiti cha korido, nje ya pazia, akapumua kwa zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole tena." Alipumua. "Mama, nikuulize. Hii kanga inaumwa?"

Mkono wake ulipitisha chini ya pazia kipande cha kitambaa. Alikuwa amekwenda kuchapisha jaribio la robo mita. Fakhriya alikiokota.

"Nilivaa miwani," alisema Tulsidas, "nikavua miwani. Nikatoka nje juani. Mke wangu Shobhana kaniambia hii nyekundu ni uji wa ulezi. Hii manjano sijui ni nini, labda ni maji ya mchele. Bibi harusi akivaa hii watu watampa dawa."

"Nimeona," alisema Fakhriya. Na alikuwa ameona. Kitambaa kilikuwa na rangi ya majivu mkononi mwake.

"Zayed hakuwahi kuniletea kitu kama hiki."

"Zayed hakuwahi kukuletea rangi hata moja, mzee. Alikuwa hazioni."

Mboni alishika mdomo. Siri ya miaka kumi na tisa ilikuwa imelala sakafuni pamoja na robo mita ya kitambaa.

Nje ya pazia mzee alicheka kidogo kwa pua.

"Mama, mwanangu alipooa, Zayed alikuja na shati kijani kama kasuku wa Pangani. Akaniambia, mzee, nimevaa kahawia, la heshima. Nikajua siku ile. Nikajiuliza, basi nani anapaka? Sikuuliza. Kazi inakuja nzuri, kwa nini niulize?" Aliinuka kwa kiti, kwa ukuta, kwa kutaja miungu yake. "Ndiyo maana nimepanda ngazi badala ya kupiga simu. Kesho saa nne asubuhi picha inakwenda kiwandani. Nikipata nyekundu yangu, sawa. Nisipoipata, yuko kijana pale Mchikichini ana mchoro tayari. Hapaki vizuri. Lakini anapaka."

Hatua zikashuka, zikipumzika.

*

Mboni alianza kulia, kwa kuwa mtu fulani ilibidi alie. Fakhriya alikwenda kwenye kioo. Aliweka kipande cha Tulsidas pembeni ya kanga ileile kwenye skrini. Skrini ilikuwa nyekundu. Kitambaa kilikuwa uji wa ulezi.

Kisha, bila kufikiri sana, alinyanyua mkono wake wenyewe, akaweka pindo la nguo yake ya eda juu ya sehemu nyeupe ya skrini. Nyeupe kwa nyeupe. Dukani alijaribu hivyo kile cha mtumba; hiki, baada ya kuona herufi nzuri, hakukijaribu.

Nyeupe ya tivii haikuwa nyeupe. Ilikuwa kama maji ya kusuuzia shuka yaliyotiwa buluu ya kufulia, tena buluu ya mkono mzito.

"Mboni. Ufunguo uko chini ya godoro."

"Wa nini?"

"Wa sanduku. Lete ile nyekundu ya Idi."

"Fakhriya, uko eda."

"Sivai. Lete."

Ilikuja, imekunjwa mara nne, kanga ya mwisho waliyoimaliza wakiwa wawili. Fakhriya aliifungua kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye kompyuta akaifungua picha yake, ileile, yenye rangi zilezile alizozipaka kwa mkono wake mwaka jana. Mkononi ilikuwa nyekundu ya kanga. Kwenye kioo ilikuwa nyekundu ya kasuku.

"Si macho yangu," alisema polepole. "Kioo ndicho kilicholewa. Mpigie Kitwana."

Kitwana hakuona ajabu yoyote. "Si iko hali ya duka, dada? Zote tunaziweka hivyo ziwake, mteja azione toka barabarani. Akifika nyumbani anabonyeza rimoti, anaingia kwenye picha, anachagua nyumbani. Hamjabonyeza? Tangu Jumatatu? Hamkuumwa vichwa?"

Fakhriya alichukua simu, akampigia Humoud. Kwa nyuma kulikuwa na nyundo za Gerezani.

"Shemeji, rudisha rimoti."

"Rimoti ya nini tena? Si tulikubaliana..."

"Hatukukubaliana. Ulichukua, nikasema haya. Sasa nasema irudishe. Njoo nayo sasa hivi, nautaka mwanga wa jua kabla haujaondoka dirishani."

Nyundo ziligonga mara nne, tano.

"Nakuja," alisema Humoud.

Alikuja, lakini hakukubali kuitoa mkononi. Heshima ya familia, alieleza huku akivua viatu, ilikuwa imewekwa dhamana kwenye rimoti ile mbele ya fundi bodi. Kama ni kubonyeza, atabonyeza yeye. Basi alisimama nje ya pazia, na mkono wake ukaingia peke yake, wenye saa na rimoti, ukielekezwa mezani kama wa mtu anayetafuta swichi gizani.

"Kulia kidogo," alisema Fakhriya. Alikuwa amesimama kando ya kioo, kanga nyekundu ameinyanyua kwa mikono miwili. "Bonyeza. Chini. Chini. Katikati. Hapo pameandikwa duka. Kulia mara moja. Katikati."

Kioo kilizimia kidogo, kama mtu aliyeshusha pumzi.

"Tayari?" uliuliza mkono.

"Bado. Shusha mwanga. Shusha. Tena. Umepitiliza, rudi."

"Mkono unauma, shemeji."

"Badilisha mkono."

Mkono mmoja ukatoka, wa pili ukaingia. Mboni alikuwa amejiziba uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Rudi moja. Hapo. Acha hapo hapo."

Nyekundu ya kioo na nyekundu ya kitambaa zilikuwa zimekaa pamoja, huwezi kusema ipi imeanza wapi. Fakhriya aliiona. Hakufurahi. Kitu kilimchoma tu, kifuani, sindano sindano, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudi, na mwenye kuujua mguu huo anajua kwamba saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Akakaa kwenye kiti cha Zayed, kile ambacho kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa pembeni yake, akaanza kuipandisha rangi ya pindo, namba kwa namba, huku machozi yakimdondokea kwenye kibodi. Hakuyafuta. Alihitaji mikono.

"Na mimi niendelee kushika?" Humoud aliuliza.

Baada ya muda rimoti iliwekwa sakafuni, taratibu, upande wa ndani wa pazia.

*

Ijumaa Tulsidas aliichukua. Mboni alirudi na ujumbe kamili: Shobhana amekitia begani kitambaa cha jaribio, amekataa kukitoa, na mzee anataka nyingine kabla ya mwezi kuisha, na safari hii atatuma mtu kwa sababu ya magoti.

Baada ya swala Humoud alisikika mlangoni. Kirikuu hakuja nacho. Alivua viatu, na kwa mara ya kwanza alivivua kimya.

"Nasikia kaichukua," aliliambia pazia.

"Kaichukua."

"Alhamdulillahi." Alikohoa. "Sasa, shemeji, hiyo tivii. Nasema tu. Kesho kuna mechi, na pale kwangu umeme si wa kuaminika..."

"Haishiki mpira, shemeji. Haina akili."

"Aa. Sawa. Niliuliza tu."

Alianza kuvaa viatu. Kiti ndani ya pazia kililia kidogo. Mtu alikuwa amegeuka.

"Shemeji."

"Naam."

"Yale matairi. Yarudishe chumbani."